Meno ya mtoto mwenye usonji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya wazazi na walezi wa watoto wadogo, tuseme tangu jino la kwanza linapochomoza hadi miaka minane hivi. Mimi ni mtu wa kliniki ya kinywa na meno, lakini sehemu kubwa ya ninayoyaandika hapa hufanyika nyumbani, mkekani, jioni, mtoto akiwa amechoka na mzazi amechoka zaidi.

Je, usonji ndio unaoozesha meno?

Hapana. Jino la mtoto mwenye usonji linaoza kwa sababu ile ile inayoozesha la mwenzake: vijidudu vya kinywani hula sukari, hutoa asidi, na asidi hiyo ikilirudia jino mara nyingi kwa siku hulila taratibu. Tofauti iko kwenye mambo yanayolizunguka jino. Mswaki anaukataa. Vyakula anavyokubali ni vichache, na vingi ni laini, vya wanga au vitamu. Wengine huficha chakula shavuni kwa muda mrefu bila kumeza. Wengine wanatumia dawa za maji zilizotiwa sukari kila siku. Halafu safari ya kliniki inaahirishwa kwa kuogopa vurugu, mpaka siku jino linapouma. Hapo ndipo wengi tunakutana nao kwa mara ya kwanza, na ndiyo siku mbaya kuliko zote za kumjulisha mtoto daktari wa meno.

Si meno ya utoto tu? Yatang'oka yenyewe.

Ya mbele, ndiyo, huanza kung'oka karibu na miaka sita. Magego ya utoto hukaa mpaka miaka 10, hata 12. Mtoto wa miaka mitatu mwenye tundu kwenye gego ana miaka mingi ya kuishi nalo, na usaha wa jino la utoto unaweza kuharibu jino la kudumu linaloumbika chini yake. Kwa mtoto asiyesema, maumivu hayo hayatatoka kama maneno. Yatatoka kama usiku usio na usingizi, au kichwa kinachogongwa ukutani, na watu watasema "usonji umezidi".

Akiona mswaki tu anakimbia. Nifanye nini?

Kwanza tafuta anachokikimbia. Watoto wengi wenye usonji wanahisi mguso wa mdomoni kwa ukali kuliko sisi. Minti inawachoma. Povu likijaa mdomoni wanahisi wanakabwa. Bafu lina mwangwi, bomba linapiga kelele, taa inamulika. Viondoe kimoja kimoja uone ni kipi hasa kilichokuwa kinamkera.

Mimi huanza na bafu. Tokeni humo. Keti kitandani au mkekani, mlaze mtoto chali, kichwa chake kiwe mapajani mwako, miguu yake ielekee mbele. Kwa mkao huo kichwa kinatulia, mkono mmoja unashika kidevu na kuinua mdomo, mwingine unasugua, na magego ya nyuma unayaona vizuri. Anza bila dawa ya meno kabisa. Mswaki uliolowanishwa maji tu ni bora kuliko vita vya kila jioni, na dawa itaongezwa baadaye, tone kwa tone.

Siku za mwanzo mswaki uguse kiganja, kisha shavu, kisha midomo kwa nje. Akishakubali meno ya mbele, sugua huku ukihesabu moja hadi tano, halafu acha hapo hapo hata kama unaona angeweza kuendelea. Ukimwambia "mpaka tano" kisha ukaenda hadi kumi kwa sababu leo ametulia, umemfundisha kwamba tano yako haina maana. Wapo hata wanaokasirika ukihesabu haraka leo na polepole kesho. Ongeza hesabu baada ya siku kadhaa, si katikati ya zoezi.

Sugua kwa mkono thabiti. Mguso mwepesi wa kutekenya huwakera wengi kuliko mguso uliokaza kidogo. Mswaki uwe na kichwa kidogo na nywele laini. Kama mtoto anapenda kung'ata, mpe mmoja autafune upande mmoja wakati wewe unasugua upande wa pili kwa mwingine. Mswaki wa umeme huwasaidia baadhi, wengine mlio wake unawafukuza nyumbani. Ujaribu kwanza mkononi mwake, ukiwa umezimwa.

Picha husaidia sana. Piga kwa simu: mswaki, mkeka, meno ya juu, meno ya chini, kutema, na mwisho kile anachokipenda. Zichapishe, zibandike ukutani kwa mpangilio huo, na kila anayempiga mswaki aufuate. Mara nyingi mama anakuwa amefika mbali, halafu jioni moja dada wa kazi anabadili utaratibu, au baba anaingia na mzaha wake, na mnarudi mwanzo.

Ikiwa mnaweza mara moja tu kwa siku, iwe usiku baada ya kula mara ya mwisho. Usingizini mate hupungua, na mate ndiyo yanayoosha asidi.

Nitumie dawa gani ya meno, na kiasi gani? Huwa anameza.

Yenye floraidi, madini yanayolikinga jino lisioze. Chini ya miaka mitatu, kiasi cha punje ya mchele. Kuanzia mitatu hadi sita, punje ya njegere. Kwa kiasi hicho, kilichomezwa hakina tatizo. Kama hawezi kutema, futa kwa kitambaa kibichi. Kama anaweza, ateme tu bila kusukutua, ili floraidi ibaki kwenye meno.

Soma boksi. Dawa nyingi za "asili", za mkaa au za mitishamba zinazouzwa mitaani hazina floraidi, na boksi likikaa kimya juu ya jambo hilo, basi chukulia haimo. Tafuta iliyoandikwa kuanzia ppm 1000 (sehemu kwa milioni, ndicho kipimo cha floraidi). Kama ladha ndiyo shida, ziko za watoto zenye ladha ya matunda, na ziko zisizo na povu wala ladha, ingawa hizo ni adimu kwenye maduka yetu. Tube iwekwe mbali: mtoto anayependa ladha ya stroberi anaweza kuila yote, na kiasi hicho ni sumu.

Tunaishi Arusha, meno ya watu hapa ni ya kahawia. Bado nitumie floraidi?

Swali zuri, na linawahusu pia wa Meru, Nakuru na Naivasha. Ukanda wa Bonde la Ufa una maji yenye floraidi nyingi kiasili. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya huko vinapita hapo kwa mbali. Ule ukahawia hutokea jino likiwa bado linaumbika ndani ya fizi, hasa kabla ya miaka minane, kutokana na kinachomezwa kila siku: maji, na magadi ya kupikia, ambayo nayo hubeba floraidi. Kwa hiyo pambana na maji kwanza. Maji ya mvua, au maji ya chanzo kilichopimwa, yawe ya kunywa na kupikia uji wa mtoto. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Dawa ya meno endelea nayo kwa kiasi cha punje ya mchele na ufute vizuri. Jino lenye ukahawia nalo linaoza.

Anakula biskuti, chipsi na uji wa sukari tu. Nikimnyima hali kabisa.

Usimnyime. Kwa mtoto mwenye orodha fupi ya vyakula, kuondoa kimoja ghafla kunaweza kuacha sahani tupu. Anza na saa kabla ya kugusa orodha. Biskuti tano zilizoliwa mezani kwa mara moja zinaumiza jino kidogo kuliko biskuti tano zilizosambazwa kutwa nzima, kwa sababu kila mng'ato unaanzisha asidi upya kwa karibu nusu saa. Kwa hiyo ale kwa vipindi, na katikati iwe maji matupu.

Sukari ya uji na chai ishuke kwa kijiko kisichoonekana: robo kijiko chini, subiri wiki, robo tena. Juisi ya pakti iongezwe maji kidogo kidogo. Chupa ya maziwa au juisi ya kulalia ndiyo ningeanza nayo kama ningeruhusiwa kubadili jambo moja tu. Ndiyo inayomaliza meno ya juu ya mbele. Baada ya kula, pitisha kidole ndani ya mashavu uone kama kuna chakula kilichofichwa.

Kisha kuna zawadi. Mwalimu anampa pipi akikaa kitini, mtaalamu wa mazoezi ya kuongea anampa biskuti akitamka, kondakta anamhurumia anampa ubuyu anyamaze. Wote wana nia njema. Zungumza nao. Zawadi inaweza kuwa mapovu ya sabuni, gari dogo, dakika chache za kuangalia feni ikizunguka, chochote anachokipenda kisichopita mdomoni.

Nitajuaje kama jino linamuuma ikiwa hasemi?

Angalia kilichobadilika. Anatafuna upande mmoja. Anakataa chakula alichokuwa anakipenda, hasa cha baridi au cha moto. Anajipiga shavuni au kwenye taya, anatia vidole mdomoni, udenda umeongezeka, anaamka usiku akilia. Hasira zilizozuka ghafla wiki hii, zichunguzwe kwanza mdomoni kabla ya kuitwa tabia.

Kagua mara moja kwa mwezi kwa tochi ya simu. Inua mdomo wa juu na uangalie meno ya mbele pale yanapokutana na fizi. Mstari mweupe usiong'aa, kama chokaa, ndio uozo unavyoanza, na hapo floraidi bado inaweza kuurudisha nyuma. Njano au kahawia iliyobonyea ni tundu. Kipele chenye kichwa cha usaha juu ya fizi ni jino lililokufa, hata kama mtoto anacheza.

Uso ukivimba, akawa na homa, jicho likaanza kufumba, au akashindwa kumeza au kupumua vizuri, usisubiri asubuhi. Hiyo ni dharura ya hospitali.

Anasaga meno usiku mpaka tunaamka.

Ni jambo la kawaida kwao, na kwa wengi hupungua meno ya kudumu yanapoota. Mwambie daktari wa meno aangalie kama jino limelika sana. Akisaga mchana ghafla, tafuta kwanza maumivu ya jino au sikio. Kifaa cha kuvisha meno usiku ili yasisagane huwa hakifai kwa umri huu. Atakitoa, au atakitafuna.

Safari ya kwanza kwa daktari wa meno iwe lini, na nimwandaeje?

Inashauriwa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Kama huo umepita, basi iwe wakati hakuna kinachouma. Safari isiyo na matibabu yoyote ndiyo matibabu ninayoyathamini kuliko yote kwa mtoto huyu, ingawa wazazi wengi huiona kama nauli iliyopotea.

Piga simu kabla. Sema wazi: mtoto ana usonji, anaogopa hiki, anapenda kile, hasemi au anasema maneno haya. Omba nafasi ya kwanza asubuhi. Mtoto wa aina hii akikaa saa mbili kwenye benchi lenye watu wanaolia, atakuwa amemaliza subira yake kabla jina halijaitwa. Kama benchi haliepukiki, mmoja apange foleni na mwingine amtembeze nje mpaka zamu ifike.

Nyumbani fanyeni mchezo wa kliniki. Alale kwenye kochi, umulike kwa tochi, utumie kijiko badala ya kioo cha daktari, uhesabu meno. Kama kliniki iko karibu, piteni siku moja mpige picha mlango, kiti na taa, na muangalie picha hizo kila jioni. Siku yenyewe beba hedifoni, miwani ya jua kwa ajili ya taa, na kitambaa au mdoli wake.

Maneno yapimwe. Watoto hawa hushika neno lilivyo. "Hutasikia kitu" ni ahadi utakayoivunja. "Utasikia maji, utasikia mlio, kisha tunahesabu kumi" ni kweli. Na majumbani mwetu kuna ile kauli ya "usiponyamaza daktari atakuchoma sindano". Imekomaza woga wa watoto wengi, na mtoto mwenye usonji hataisahau. Ikome leo.

Ndani ya chumba, daktari aliyezoea watoto hueleza, huonesha, ndipo hutenda. Kioo kinaguswa mkononi kabla ya mdomoni. Safari ya kwanza inaweza kuishia kwenye kukaa kitini na kushuka. Ya pili, kuhesabu meno. Daktari akisema "leo inatosha", mshukuru, anajua anachofanya.

Ni sawa wamshike kwa nguvu?

Kwa jipu linalotishia maisha, au jino lililovunjika linaloning'inia baada ya kuanguka, ndiyo: kwa muda mfupi, kwa idhini yako, ukiwepo. Kwa kuziba tundu au kusafisha, sikubaliani nalo hata kama wapo wanaolifanya kila siku. Utaziba jino moja, lakini mdomo huo hautafunguka tena mbele ya koti jeupe kwa miaka. Una haki ya kusema "tusimame".

Kuna matibabu yasiyo na mashine ya kutoboa wala sindano?

Yapo, na ni mazuri kuliko watu wanavyodhani. Moja ni dawa ya maji yenye madini ya fedha na floraidi, kwa kawaida ya asilimia 38. Jino linakaushwa, tone linapakwa, linaachwa kama dakika moja, basi. Mara nyingi uozo unasimama, na upakaji hurudiwa kila baada ya miezi sita hivi. Kasoro yake ni rangi: sehemu iliyooza inakuwa nyeusi na inabaki hivyo. Ikigusa mdomo au ngozi, doa huondoka baada ya siku kadhaa. Kwenye nguo haliondoki. Wazazi wengine hukataa kwa ajili ya weusi wa meno ya mbele, na ni haki yao, lakini mwambie daktari akuoneshe picha kabla ya kuamua. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Haifai kwa jino lenye usaha au mtoto mwenye mzio wa fedha.

Nyingine ni kuchokonoa sehemu laini iliyooza kwa vifaa vya mkono na kuziba kwa saruji ya meno iitwayo glasi ionoma, ambayo nayo hutoa floraidi. Hakuna mlio, hakuna maji ya kurushwa. Njia hii ilianzishwa hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, kwa ajili ya sehemu zisizo na umeme, kisha ikaenea duniani. Ukiambiwa ni tiba ya kizamani, usisadiki.

Pia kuna kofia ya chuma kisichoshika kutu inayovishwa gego la utoto bila kulichonga, na vanishi ya floraidi inayopakwa kila miezi mitatu hadi sita.

Wamesema nusu kaputi. Naogopa.

Kuogopa ni halali. Ila kwa mtoto mwenye matundu mengi, maumivu, na asiyeweza kabisa kuvumilia kiti, kumlaza mara moja na kumaliza kazi yote kunaweza kuwa na huruma kuliko safari nyingi za kilio. Hufanyika hospitali yenye mtaalamu wa usingizi na vifaa vya watoto. Usikubali ifanyike kwenye chumba cha kawaida cha meno kisicho navyo. Uliza: watang'oa mangapi, wataziba mangapi, bima inalipa kipi. Omba awe wa kwanza kwenye orodha, kwa sababu kufunga chakula kwa mtoto anayekula kwa ratiba ni mtihani. Taja dawa zote anazotumia, na uombe uwe naye anapolala na anapozinduka.

Anatumia dawa za kifafa. Zina shida kwa meno?

Fenitoini inaweza kuvimbisha fizi mpaka zifunike meno. Usafi hupunguza kasi yake. Valproeti inaweza kuathiri chembe za kugandisha damu, kwa hiyo daktari ajue kabla ya kung'oa. Usiache dawa yoyote kwa hofu ya meno. Kama ni ya maji yenye sukari, ulizia ya vidonge au isiyo na sukari, na mpe kabla ya mswaki wa usiku.

Bibi anasema ni meno ya plastiki, yatolewe.

Mpe bibi heshima yake, lakini mtoto usimtoe. Kinachoitwa meno ya plastiki au ya nailoni ni chonge za utoto ambazo bado hazijatoka; uvimbe ule kwenye fizi ni wa kawaida. Kuzichokonoa hakutibu homa, kuhara wala usonji. Kunaleta kutokwa damu, maambukizi, na kuharibika kwa chonge za kudumu. Vivyo hivyo jeli za kufisha ganzi fizi zenye benzokeini, zisitumike chini ya miaka miwili, wala aspirini isipewe mtoto kwa ajili ya jino. Parasetamo kwa uzito wake inatosha wakati mnaelekea kliniki.

Floraidi au kuziba meno kunasababisha usonji?

Hapana. Usonji huanza kujengeka ubongoni tangu tumboni, kabla mtoto hajawa na jino hata moja mdomoni.

Kliniki imekataa kumhudumia, wamesema "hatuwezi watoto hawa".

Tenganisha "hatuna ujuzi" na "hatutaki". La kwanza ni uungwana. Omba barua ya rufaa kwenda kwa mtaalamu wa meno ya watoto au hospitali yenye skuli ya meno, kama Muhimbili kwa Dar es Salaam. La pili ni kunyimwa huduma kwa sababu ya ulemavu, na kwa Tanzania Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 hairuhusu. Andika malalamiko kwa mganga mkuu wa wilaya. Wakati huo huo waulize wazazi wenzako wa shuleni kwake. Wao wanajua ni daktari gani anakaa sakafuni na mtoto.

Ameanguka, jino limetoka zima.

Kama ni la utoto, usilirudishe. Bana kidonda kwa kitambaa safi na umpeleke akaguliwe. Kama ni la kudumu, lishike upande wa kutafunia bila kugusa mzizi, lisuuze kidogo kwa maziwa, na kama anakubali lirudishe kwenye tundu lake hapo hapo. Asipokubali, litumbukize kwenye kikombe cha maziwa baridi, lisikauke, na mfike kwa daktari wa meno ndani ya saa moja.